Baa ya protini mlimani: kinachosomwa kwenye lebo na kinachotafunwa njiani

Ladha ya baa ya protini karibu kila mara hupimwa mahali pasipofaa. Mtu ameketi, moyo umetulia, chumba kina joto la kawaida, glasi ya maji iko pembeni. Anamega, anatafuna, anaamua: hii tamu, ile ina uchungu wa mwisho, nyingine inanata. Ananunua boksi zima la ile tamu. Siku ya safari, saa nne tangu aanze kupanda, upepo unakata, anapumua kwa mdomo na ulimi umekauka kama kitambaa. Anaing'ata ile ile tamu na meno yanagota. Akifanikiwa kuivunja, kipande kinazunguka mdomoni kama udongo wa mfinyanzi, hakilainiki wala hakimezeki, na kila anapotafuna pumzi zinamwishia. Mwishowe anakirudisha kwenye karatasi yake na kusema hana njaa.

Labda jina lenyewe lilituonya. Baa ilikuwa balaa kabla haijawa mahali pa kunywea, na huu mche wa kutafuna ndio umekuja mwisho kabisa.

Lishe nayo hupimwa kwa namba moja, ile ya gramu za protini iliyoandikwa kwa tarakimu nene mbele ya karatasi. 20. 25. Wengine wamefika 30. Mara nyingi namba hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba inajibu swali ambalo mwili wako haujauliza wakati unapanda.

Mwili unaomba nini njiani

Mtu mzima anayepanda mlima akiwa na begi mgongoni hutumia, kwa makadirio, kalori 400 hadi 600 kwa saa, kutegemea uzito wake, mzigo, mwinuko na mwendo. Nishati hiyo hutoka kwenye wanga na mafuta. Mafuta tunayo ya kutosha hata tuliokonda, lakini huungua polepole, na mwendo ukizidi ukali mwili huegemea wanga. Akiba ya wanga, yaani glaikojeni iliyomo kwenye misuli na ini, ni gramu 400 hadi 500 tu, sawa na kalori 2,000 hivi. Siku nzima ya kupanda inaimaliza. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa mazoezi ya muda mrefu ni kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Mpandaji anayekwenda mwendo wa kuzungumza anaweza kubaki chini ya kiwango hicho, lakini hawezi kukaa bila kitu.

Protini haimo sana kwenye moto huo. Katika hali ya kawaida huchangia kama asilimia 5 ya nishati ya mazoezi marefu. Glaikojeni ikiisha, mchango wake unaweza kupanda hadi karibu asilimia 10. Hapo mwili unachukua asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, unazivua naitrojeni, unachoma kilichobaki, na naitrojeni inatolewa kama urea kwenye mkojo, kazi inayodai maji ambayo huenda huna. Kula baa ya protini ukiwa umeishiwa nguvu katikati ya mwinuko ni sawa na kupasua meza ili uchemshe chai. Chai itachemka, lakini ulikuwa na kuni.

Protini ina saa yake, na saa hiyo huja baada ya mteremko. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza misuli, kumbe ni kushuka. Misuli ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa, na mkazo wa namna hiyo huchana nyuzi zake kidogo kidogo. Maumivu hufika kesho yake au keshokutwa. Kwa matengenezo hayo gramu 20 hadi 30 za protini nzuri jioni, pamoja na wanga wa kujaza akiba, ni kitu cha maana kabisa. Mtu wa kilo 70 asiyefanya mazoezi anashauriwa apate walau gramu 56 kwa siku (0.8 kwa kila kilo ya uzito), wanamichezo huambiwa 1.2 hadi 2.0 kwa kilo, yaani gramu 84 hadi 140. Katika safari ya siku nyingi ambayo chakula cha kambini ni wanga mtupu, baa moja au mbili zinaziba pengo ambalo hakuna kingine kwenye begi kinachoweza kuliziba kwa uzito mdogo namna hiyo.

Asili ya baa hizi inaeleza mkanganyiko huu. PowerBar, iliyoanza mwaka 1986 huko California, ilibuniwa na Brian Maxwell, mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada, na ilikuwa baa ya wanga: chakula cha mtu anayekimbia. Baa ya protini tunayoijua leo ni mtoto wa ukumbi wa kunyanyua vyuma, ambako mteja anataka protini nyingi, sukari kidogo na kalori chache. Yote matatu ni sifa njema kwa mtu anayepunguza tumbo. Kwa mtu aliyebeba chakula chake mgongoni, mawili ya mwisho ni kasoro.

Tusome karatasi mbili

Chukua baa ya gramu 60 ya aina iliyoenea sana. Namba hizi nimezitunga mimi ili tufanye hesabu, lakini zinafanana na nyingi utakazokutana nazo: protini gramu 20, mafuta 7, wanga 24. Ndani ya hiyo 24 kuna nyuzinyuzi 12, sukari 2, na poliyoli, yaani vitamu vya badala ya sukari, 6 aina ya maltitoli. Lebo inasema kalori 200 na kidogo.

Kanuni ya shuleni inatoa kalori 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa wanga na 9 kwa mafuta. Ukikokotoa hivyo unapata 239, si 200. Hakuna aliyedanganya. Nyuzinyuzi zinahesabiwa kama kalori 2 kwa gramu, maltitoli kama 2.1, kwa sababu hazimeng'enywi zote. Ukirekebisha, unafika 204. Sasa toa nyuzinyuzi na poliyoli kwenye ile 24 uone wanga unaoweza kuuwasha mara moja: gramu 6. Sita! Mwili unaomba 30 kwa saa. (Angalizo dogo kwa wanaosoma lebo za nchi mbalimbali: Marekani hujumlisha nyuzinyuzi ndani ya wanga, Umoja wa Ulaya huziandika mstari wake peke yake. Poliyoli zimo ndani ya wanga kwa wote wawili.)

Baa ya pili ina uzito ule ule wa gramu 60, lakini imeshindiliwa shayiri, tende na lozi. Protini 6, mafuta 14, wanga 34, na kati ya huo nyuzinyuzi ni 4. Hesabu inaleta kalori 278, na wanga wa kuwasha ni gramu 30, saa nzima ya kupanda. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya baa hii hairuhusiwi hata kujiita chanzo cha protini, maana sharti ni protini itoe walau asilimia 12 ya nishati, nayo inatoa chini ya 9. Ile ya kwanza inatoa karibu 39 na inaruhusiwa kujitangaza kuwa na protini nyingi, ambako kizingiti ni 20. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ingawa hapa hakuna kibaya. Kuna kilichotembezwa mahali pasipo pake.

Uzito nao una hoja yake. Baa ya kwanza ni kalori 3.4 kwa kila gramu unayobeba, ya pili 4.6. Ukitaka kubeba kalori 2,800 kwa baa tupu (usifanye hivyo), utabeba 14 za aina ya kwanza au 10 za pili. Tofauti ni gramu 240, sawa na robo lita ya maji ambayo ungeweza kuibeba badala yake.

Gramu 20 za nini?

Maabara haihesabu protini yenyewe. Njia ya kawaida, iliyobuniwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, hupima naitrojeni kisha huzidisha, mara nyingi kwa 6.25. Naitrojeni yoyote inahesabiwa, iwe ya maziwa, ya soya au ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa. Ndiyo maana namba ya mbele haitoshi, na orodha ya viambato, ambayo huandikwa kuanzia kile kizito zaidi, lazima isomwe.

Ukiona protini za maziwa, yai au soya juu ya orodha, uko pazuri. Zina asidi amino zote muhimu kwa uwiano unaofaa. Ya njegere iko nyuma kidogo, na ikichanganywa na ya mchele hukamilishana. Ukiona kolajeni au jelatini, yaani ile protini ya ngozi iliyochemshwa, imeshika nafasi ya mbele, shtuka. Kolajeni haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo kwenye vipimo vya ubora hupewa sifuri ikiwa peke yake. Watengenezaji wanaipenda kwa sababu ni ya bei rahisi na, kusema kweli, inaifanya baa iwe laini.

Kuna ujanja mmoja wa lebo za Marekani ninaoupenda. Kiwango cha siku cha protini ni gramu 50, na bidhaa inayojisifia protini inatakiwa kuonyesha asilimia iliyokwisha kurekebishwa kwa ubora. Gramu 20 za protini kamili zinapaswa kusoma kama asilimia 40. Ukikuta gramu 20 mbele na asilimia 15 nyuma, umeshaambiwa kila kitu bila kuhitaji mkemia.

Kwa nini inakuwa ngumu, na kwa nini utamu unakaa kooni

Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe, kwa sababu ladha ya baa ya protini ni vita ya kemia inayoendelea ndani ya karatasi hata kabla hujaifungua.

Unga wa protini una kiu. Ukiuchanganya na sharubati ukapata donge laini leo, protini itaendelea kunyonya maji kutoka kwenye sharubati wiki baada ya wiki, chembe zake zitashikana, na donge litakaza. Sukari zilizopo huungana na protini kwa mmenyuko ambao Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, ule ule unaotia rangi ukoko wa mkate, ila hapa unakwenda polepole na kuleta weusi, ugumu na harufu ya maziwa yaliyoungua. Huwezi kuongeza maji kuzuia hayo, kwani baa hukaa miezi bila kuoza kwa sababu maji yaliyo huru ndani yake ni machache mno kwa ukungu kuota. Kwa hiyo kiwanda huweka gliserini, ambayo ni tamu kidogo na hushikilia unyevu, au huchanganya punje za protini zilizopulizwa kama bisi ili jino lipate pa kuvunjia. Baa zenye punje hizo, kwa uzoefu wangu, ndizo zinazovumilia baridi vizuri zaidi. Donge tupu, hapana. Na unaponunua, tarehe ya kuisha muda haikuambii mengi. Ukiipata tarehe ya kutengenezwa ndiyo ya kuangalia, maana baa ya mwezi mmoja na ya miezi kumi ni vyakula viwili tofauti hata kama zote ni salama.

Baridi inazidisha yote. Sharubati hukaza, mafuta huganda, na ulimi nao unaiona sukari kidogo kuliko kawaida, kwa sababu chakula baridi huonekana kimepoa hata utamu. Kinachobaki ni ule ukavu wa protini: zile za maziwa hujishika kwenye utando wa mate na kuacha mdomo kama umelamba chaki, na za njegere huleta ukakasi na harufu ya maganda mabichi. Ukiwa na mate ya kutosha hili halionekani sana. Mlimani huna mate.

Vitamu visivyo sukari vina tabia zao, na ukizijua unaweza kukisia baa kabla ya kuing'ata. Sukralozi ina utamu wa takriban mara 600 ya sukari, hivyo chembe tu hutosha, lakini utamu wake unakaa kooni muda mrefu baada ya kumeza. Stevia huchelewa kufika kisha inakataa kuondoka, na mkiani ina uchungu. Erithritoli huleta ubaridi mdomoni, kitu kizuri kwenye peremende na cha ajabu kwenye kitu kinachodai kuwa keki ya chokoleti. Ikijigeuza fuwele utasikia mchanga kwenye meno. Ukinywa maji baada ya sukari, utamu unaondoka. Ukinywa maji baada ya sukralozi, unabaki nao, na kwenye njia ya saa nane hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Kisha kuna kuchoka kwa ulimi. Ladha moja ikirudiwa rudiwa hupoteza mvuto wake haraka kuliko njaa inavyoisha, na ukiendelea kupanda juu ya mita 3,000 watu wengi hupungukiwa na hamu ya kula hata kabla ya kuchoshwa na ladha. Nimebeba boksi la ladha moja ya karameli safari moja tu. Siku ya kwanza nilikula tatu, ya pili moja na nusu, ya tatu nilikuwa nawagawia wenzangu kwa ukarimu uliowatia mashaka. Tangu hapo nusu ya ninachobeba ni cha chumvi. Jasho linatoa chumvi hata hivyo, na baa nyingi za protini zina sukari au vitamu lakini zina chumvi ya kuonja tu.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Usiionje mezani. Nunua moja moja za aina tofauti, ziweke kwenye friza usiku kucha, kisha asubuhi zipe dakika kumi mezani. Panda ngazi au kimbia mpaka uheme, usinywe maji, na ung'ate. Hesabu ni mara ngapi unatafuna mpaka kipande cha kwanza kimezeke. Zikipita arobaini, au ukilazimika kusimama ili upumue, hiyo ni baa ya kambini, haijalishi ina utamu gani. Jaribu pia kuifungua ukiwa umevaa glavu.

Kwa joto, iache kwenye mfuko wa nje wa begi ukitembea juani. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, kwa hiyo mpako wa chokoleti halisi hugeuka rangi ya vidole. Ikiyeyuka na kuganda tena itaota unga mweupe usoni. Huo ni mafuta, si ukungu.

Jaribio la tatu ndilo watu hulikwepa, na ndilo lenye adhabu. Inulini (aina ya nyuzinyuzi) na poliyoli zisizonyonywa huteremka hadi utumbo mpana, huko huvuta maji na kuchachushwa na bakteria. Baa moja inaweza isikufanye kitu. Tatu kwa siku, tumbo likiwa limetikiswa na mwendo, ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya hulazimisha onyo la kuharisha kwenye vyakula vilivyoongezwa poliyoli zaidi ya asilimia 10, na onyo hilo huwa kwa maandishi madogo kabisa. Kula idadi utakayokula safarini, siku moja ya matembezi ya kawaida, mahali ambapo choo kiko karibu. Mwenye ugonjwa wa figo au mzio wa maziwa, karanga au soya ana orodha yake ya kuanzia, na hiyo inatangulia kila kitu nilichoandika.

Ukishazigawa, ufungaji ni rahisi. Zile za wanga na lozi zikae mfuko wa pembeni unaofikiwa bila kuvua begi, zimegwe vipande viwili viwili na zianze kuliwa kabla ya njaa. Za protini ziende chini kabisa pamoja na vyombo vya kupikia. Kukiwa na baridi kali, ile utakayoila saa inayofuata ihamie mfuko wa ndani wa koti, karibu na mbavu. Nusu saa inatosha kuirudishia ulaini. Usishtuke karatasi ikivimba kama puto ukiwa juu, ni hewa ya kiwandani iliyokosa mgandamizo wa kuibana. Na unapoichana, usiikate ile kona mpaka mwisho. Acha ining'inie. Vile vipande vidogo vya kona ndivyo vinavyoponyoka kwenye glavu na kupeperuka, na utaviona vimejaa kwenye kila jiwe ambalo watu hupumzika.